Jarida limekubali makala yangu bila kuniuliza hata swali moja. Nilipe?

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kwa sababu hapa nilipo sina mtu wa kumuuliza jambo hili bila maneno kuzagaa kesho yake.

Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kikuu kimojawapo Nyanda za Juu Kusini, na papo hapo ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ni wa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi ya wakulima wadogo: nalinganisha mahindi yaliyowekwa kwenye magunia ya kawaida na yaliyowekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kazi ya uwandani imekwisha, ya maabara imekwisha, tasnifu iko sura ya mwisho. Kilichobaki ni makala, maana kwetu hutetei tasnifu mpaka uonyeshe machapisho.

Msimamizi wangu ni profesa anayeheshimika, na kwangu mimi amekuwa kama mzazi. Ndiye aliyeninyanyua wakati ufadhili ulipokatika, akanitafutia fedha za kupima sampuli. Yeye ndiye aliyeniambia nipeleke makala kwenye jarida fulani la "kimataifa" ambalo jina la Profesa mwenyewe limo kwenye bodi yake ya wahariri. Nikapeleka. Wiki haijaisha, nikapata baruapepe: makala yako imekubaliwa, ni mchango bora kabisa kwa taaluma, rekebisha pambizo na mpangilio wa marejeo, saini fomu ya hakimiliki, lipa dola 150 ndani ya saa 72. Basi. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu mbinu wala majedwali. Fomu nimesaini. Hela sijatuma.

Kinachonisumbua zaidi ni maneno ya watu. Kuna kaka mmoja idarani kwetu alipanda kuwa mhadhiri mwandamizi mwaka juzi. Akishatoka tu chumba cha chai, wanaanza: "yule wa machapisho ya wiki moja", "cheo cha dola". Wanaocheka, wengine wao najua wamechapisha hukohuko, majina yao nimeyaona. Na mwenzetu mwingine aliposema anapeleka makala yake kwenye jarida la chuo cha hapahapa Tanzania, walimuuliza, "Lipo Scopus?", yaani ile orodha kubwa ya kimataifa ya majarida yanayotambulika, naye akanyamaza. Sasa mtu ukichapisha kule unachekwa, ukichapisha hapa unachekwa, na yale majarida makubwa ya Ulaya yanataka fedha ambazo mshahara wangu wa mwaka haufiki.

Mume wangu anasema nilipe nimalize, karibu laki nne si kitu cha kuniharibia miaka yote hii. Lakini nikikataa, nitamwambia nini Profesa? Nitakuwa nimemwita tapeli. Nikikubali, siku moja na mimi nitakuwa yule anayesemwa akishatoka mlangoni.

Nimekuambatishia makala yenyewe uione. Naomba ushauri wako.

Mhadhiri Msaidizi, Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba, mwanangu.

Usilipe. Nianze na hilo ili ulale vizuri usiku wa leo. Barua uliyopata ni ya jarida la kitapeli, lile linalopokea hela na kuchapisha bila mtu kuisoma makala. Zile saa 72 hazina nguvu yoyote. Zimewekwa ili usipate muda wa kumuuliza mtu, na wewe umeuliza, kwa hiyo zimeshindwa kazi yake.

Sasa tuongee juu ya makala yako, kwa maana umenitumia na nimeisoma yote. Ni kazi nzuri. Umetembea kwa wakulima, umepima mwenyewe, hukubuni kitu. Lakini nina maswali mawili ambayo jarida lile lilipaswa kukuuliza. La kwanza: umeandika kwamba sampuli "zilichukuliwa kutoka kila gunia". Kutoka sehemu gani ya gunia? Wewe unajua kuliko mimi kwamba sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba sumu nyingi wakati zilizo jirani nazo ni safi. Ukichota juu unaweza usipate kitu, ukichota chini karibu na sakafu yenye unyevunyevu ukapata namba ya kutisha, na gunia ni lilelile. Ndiyo maana watu wa kazi hii huchoma gunia kwa bambo juu, kati na chini, wakachanganya walichokipata, wakakisaga chote pamoja ndipo wakapima. Huenda ulifanya hivyo. Lakini kwenye karatasi hakuna, na anayesoma hawezi kuamini tofauti uliyoiona kati ya gunia na mfuko kabla hajajua ulichotaje.

Swali la pili ni Jedwali la 3. Kichwa chake kinasema mikrogramu kwa gramu. Nadhani ulikusudia kwa kilo, kwa sababu kiwango cha juu cha sumukuvu zote kwa pamoja kwenye mahindi, kwa viwango vya Afrika Mashariki, ni mikrogramu 10 kwa kilo, na majadiliano yako yanalinganisha na kiwango hicho. Jedwali likitoka lilivyo, mahindi ya wakulima wako yatakuwa na sumu mara 1,000 ya uliyoipima. Mtu wa wizarani akiikuta namba hiyo atafanya nini? Atakimbia kutoa tangazo, au ataitupa kazi yako yote kama kazi ya mtu asiyejua vipimo. Vyote viwili ni hasara, na ya kwanza ni hasara ya watu ambao hawajui hata kama wewe unaandika makala.

Mambo haya mawili yangeonwa na mhakiki yeyote, yaani mtaalamu ambaye jarida humpa makala aipitie kabla ya kuikubali, aliyekaa na makala yako jioni moja. Jarida liliona pambizo.

Ndiyo maana naona kipimo cha kwanza kiwe hiki, na ukishike maisha yako yote ya kazi: je, kuna mtu aliyeisoma? Hela, nchi, jina kubwa, orodha, vyote vinafuata baadaye. Umefanya utafiti kwenye eneo ambalo kosa linaua. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ugonjwa huohuo ulipiga Dodoma na Manyara, na hapo pia kuna waliozikwa. Kazi kama yako ndiyo inayomwambia ofisa ugani amshauri mkulima anunue mfuko wa aina gani. Haistahili kupita bila jicho la mtu wa pili.

Najua mumeo anasema kwa mapenzi. Mwambie laki nne siyo hasara yenyewe. Makala ikishatoka kule, huwezi kuipeleka tena kwenye jarida la maana, kwa kuwa itakuwa imeshachapishwa. Na ikitoka kule haisomwi. Kuna watafiti wa Finland waliochukua makala 250 kutoka majarida ya namna hii wakazifuatilia kwa miaka mitano; utafiti wao ulitoka 2020. Asilimia 56 hazikuwahi kunukuliwa na mtu hata mara moja. Miaka yako ya uwandani itakuwa imefukiwa, na wewe ndiye utakayekuwa umelipia.

Sasa hayo maneno ya chumba cha chai. Nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu naona yanakuumiza kuliko makala yenyewe, na kwa sababu namna wasomi wanavyoliongelea jambo hili ni sehemu ya ugonjwa.

Mtu aliyefanya suala la majarida ya kitapeli lijulikane duniani ni mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Denver, aitwaye Jeffrey Beall. Kuanzia karibu 2010 alikuwa akiweka hadharani orodha ya wachapishaji aliowaona kuwa ni wa kitapeli, mpaka Januari 2017 alipoiondoa. Orodha ile iliwaokoa watu wengi, na wengine bado wanatumia nakala zake. Lakini mkutubi huyohuyo, mwaka 2015, aliandika kuhusu SciELO, mfumo wa majarida huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, uliozaliwa Brazil kwa fedha za umma, akauliza kama ni favela, yaani mtaa wa vibanda vya maskini. SciELO ni majarida ya kweli, yenye wahariri wa kweli, ambayo hayakufanya kosa zaidi ya kuwa nje ya makampuni makubwa. Wabrazili walikasirika, na walikuwa na haki. Hapo ndipo mazungumzo yalipopotoka: umaskini ukaanza kusomwa kama utapeli. Jarida lenye tovuti mbovu, lililochelewa kutoa toleo, lenye Kiingereza kisichonyooka, likawekwa kapu moja na jarida linalouza cheti cha kukubaliwa.

Au chukua ule mtego wa 2013. Mwandishi wa habari John Bohannon, kwa ajili ya jarida la Science, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani iliyotokana na kuvumwani, ule uoto unaoota kwenye mawe na magome ya miti, akaijaza makosa ambayo mwanafunzi angeyaona, akaituma kwa majarida huria 304. Majarida 157 yaliikubali. Kazi hiyo ilisaidia, siibezi. Lakini majina ya waandishi wake wa kubuni aliyapa sura ya Kiafrika, na taasisi zao za kubuni akaziweka Afrika, mojawapo Asmara. Watu wengi walibaki na picha ya Mwafrika anayetuma takataka. Kilichosemwa kwa sauti ndogo zaidi ni kwamba baadhi ya majarida yaliyonaswa yalikuwa ya makampuni makubwa kabisa, Elsevier na Sage yakiwemo. Na miaka kumi baadaye, 2023, majarida ya Hindawi, yaliyonunuliwa na kampuni kongwe ya Wiley, yalifuta zaidi ya makala 8,000 kwa mwaka mmoja baada ya kugundulika kwamba mapitio ya wahakiki wake yalichezewa. Kwa hiyo wenzako wanapouliza "Lipo Scopus?" wanauliza swali lenye maana, sikatai, ila si swali la kwanza, na wala halimalizi kazi. Yapo majarida yaliyoingia Scopus kwa haki, yakaharibika, yakatolewa.

Na kulipa peke yake si dhambi. Watu wanachanganya hapa kila siku. Mwaka 2019 watu 43 kutoka nchi 10, wakiwemo wahariri, wakutubi, wafadhili na watafiti, walikutana Ottawa, Kanada, wakakubaliana maelezo ya jarida la kitapeli yaliyotoka kwenye jarida la Nature Desemba ileile. Walitaja kutanguliza maslahi binafsi dhidi ya taaluma, habari za uongo au za kupotosha, kuacha taratibu nzuri za uhariri, kukosa uwazi, na kuwaandama watu kwa mialiko isiyochagua. Kutoza ada hakumo. Ubora wa mapitio nao waliuacha nje, kwa sababu mtu aliye nje hawezi kuuthibitisha. Lakini wewe uko ndani, mwanangu. Unayo barua yao mkononi. Ushahidi ambao wataalamu wale hawakuwa na njia ya kuupata kwa majarida yote, wewe unao kwa hili moja: makala ya utafiti wa maabara imekubaliwa bila ripoti ya mhakiki hata mmoja.

Kuhusu yule kaka aliyepanda cheo. Sitakwambia kwamba alichofanya ni sawa. Lakini angalia mazingira. Kamati zetu za kupandisha vyeo zinahesabu machapisho, na mara nyingi aliyekaa kwenye kamati hajaisoma makala anayoipa alama, sawa na mhariri ambaye hakuisoma. Makadirio mengine ya watafiti wa Finland, ya 2015, yalionyesha makala zipatazo 420,000 zilitoka kwenye majarida ya namna hii mwaka 2014 pekee, robo tatu ya waandishi wakitoka Asia na Afrika, kwa ada ya wastani wa dola 178. Linganisha na Nature, ambayo ilipofungua mlango wa makala huria mwaka 2021 ilitaja ada ya euro 9,500, zaidi ya shilingi milioni 20 za kwetu. Mtu anayedaiwa makala na ambaye hakufundishwa namna ya kutambua jarida zuri atakwenda wapi? Kumcheka mgongoni hakumrudishi popote. Kunachofanya ni kuwanyamazisha wanaofuata, na wewe ni ushahidi: umeshindwa kuuliza idara nzima, ukaniandikia mimi nisiyekufahamu. Siku nyingine wakianza, usicheke nao. Na ukipata nafasi, mkae naye na umuulize ilikuwaje kwake. Huenda ana hadithi inayofanana sana na yako, pamoja na profesa ndani yake.

Tukienda kwa Profesa.

Kuwa na jina kwenye bodi ya wahariri hakuthibitishi kwamba anajua linalotendeka. Mwaka 2015 watafiti wa Poland walibuni mtu asiyekuwepo, wakampa sifa duni, wakaomba kwa majarida 360 awe mhariri. Majarida 48 yalimkubali. Ndivyo bodi nyingine zinavyojazwa: jina linatafutwa kwa ajili ya kuvutia, na mwenye jina haletewi kazi kamwe. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilipoishtaki kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, mwaka 2016, mojawapo ya madai lilikuwa hilo, kwamba kampuni ilitangaza majina ya wanasayansi ambao hawakuwa wamekubali au hawakuwa na kazi yoyote kwenye majarida yake. Mwaka 2019 mahakama ya Nevada iliamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 50.

Kwa hiyo nenda kwake ukiwa na swali, usiende na hukumu. Usimwandikie baruapepe, na usimkute korido. Omba muda ofisini, faragha, shika barua ya jarida na shika makala yako iliyochapwa. Mwanzo wa mazungumzo uwe makala. Mwambie: "Profesa, shikamoo. Nimeisoma upya makala yangu nikaona maelezo ya sampuli hayajakaa sawa na Jedwali la 3 lina kosa la kipimo. Jarida limeikubali bila kuyaona. Naogopa ikitoka hivi na jina lako limo, watatuuliza sote wawili." Hilo ni kweli tupu, maana jina lake litakuwa kwenye makala kama mwandishi mwenza. Halafu muulize: "Je, wewe huwa wanakuletea makala za kuhakiki?" Kisha nyamaza umsikilize. Akisema hajawahi kuletewa hata moja, atakuwa amelisikia jibu kwa kinywa chake mwenyewe, na hutahitaji kuongeza neno.

Akikasirika je? Inawezekana. Wapo maprofesa ambao nao walipanda kwa ngazi hiyohiyo, na kukubali kwamba jarida ni bovu ni kukubali mengi. Ikiwa hivyo, usibishane juu ya jarida. Rudi kwenye makala: "Naomba ruhusa yako nirekebishe kwanza." Hakuna msimamizi anayeweza kukataa mwanafunzi arekebishe kosa la kipimo na akabaki na hoja. Ukishapewa ruhusa ya kurekebisha, umepata ruhusa ya kuiondoa. Heshima anayokudai ni ya maisha, na humwondolei kitu kwa kuikinga kazi yenye jina lake.

Baada ya hapo waandikie jarida, kwa maneno machache na bila matusi. Sema unaiondoa makala yako yenye namba fulani. Kwamba hujalipa, haijachapishwa, na hukupewa ripoti yoyote ya wahakiki. Kwamba unafuta ruhusa ya hakimiliki uliyosaini tarehe fulani. Na kwamba unaomba wakuthibitishie kwa maandishi. Piga picha ya ukurasa wa tovuti yao kuonyesha kwamba makala haimo. Hifadhi kila kitu. Wengine hudai "ada ya kuondoa makala". Usiilipe hiyo pia. Wengine hunyamaza, halafu wanachapisha kwa nguvu ili udaiwe. Wakifanya hivyo, utakapopeleka kwenye jarida lingine mweleze mhariri mpya ukweli wote tangu barua ya kwanza, na umwambatishie ushahidi. Wahariri wa kweli wanaijua michezo hii, na aliyesema mapema husikilizwa. Aliyeficha akagundulika ndiye anayeonekana kuchapisha kitu kimoja mara mbili. Usipeleke kokote kabla hujawaandikia hawa na kuwapa muda wa kujibu.

Uende wapi basi? Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba kuna mawili tu, matapeli au Ulaya. Tovuti ya African Journals Online, iliyoko Afrika Kusini na iliyoanza 1998, ina mamia ya majarida ya bara hili, mengine yanahaririwa kwenye vyuo vyetu. Kwa somo lako lipo Tanzania Journal of Agricultural Sciences. Lipo pia jarida la chakula, kilimo na lishe la Nairobi, AJFAND, lililoanzishwa na Profesa Ruth Oniang'o, ambalo limechapisha mengi ya sumukuvu. Hilo hutoza ada, na nakutajia makusudi uone kwamba ada na usomaji vinaweza kukaa nyumba moja. Angalia vilevile majarida ya usajili, ambayo wasomaji au maktaba ndio wanaolipa: mengi hayamtozi mwandishi kitu asipochagua kuifanya makala huria, na mara nyingi yanakuruhusu kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hazina ya maktaba ya chuo chako. Ukitaka makala huria, wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada yote au sehemu kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila uliza kabla ya kupeleka, siyo baada ya kukubaliwa.

Jarida lolote utakalochagua, lichunguze kwa mikono yako. Likisema lipo Scopus au kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida huria, usiamini tovuti yao. Ingia kwenye orodha yenyewe ulitafute kwa namba ya ISSN, ile namba ya utambulisho ya kila jarida, maana wapo wanaoiba jina na namba ya jarida halali. Fungua makala tatu au nne za hivi karibuni za somo lako uzisome. Ukiona majedwali kama lile lako la 3 yamepita, funga. Chagua jina moja kwenye bodi, mtafute kupitia tovuti ya chuo chake, umwulize kama kweli anahariri pale. Mkutubi wa chuo chako anaijua kampeni ya Think. Check. Submit., ya kuwasaidia watafiti kuchagua jarida la kuaminika, iliyoanza 2015, na maswali yake. Nenda kamwone, watu wa maktaba wanaachwa nje ya mambo haya wakati ndio wenye ujuzi.

La mwisho ni muda, kwa sababu naona ndio unaokusukuma. Umesema kwenu hutetei mpaka uonyeshe machapisho. Kazisome kanuni zenyewe, usitegemee zinavyosimuliwa. Vyuo vingi vinapokea barua ya kukubaliwa, na vingine makala iliyopelekwa na iko kwenye mapitio, kwa ajili ya kutetea tu. Nenda ofisi ya masomo ya uzamili, omba kuonyeshwa kifungu, na kama muda wako wa usajili unakaribia kwisha omba kuongezewa miezi sasa hivi, kabla haujaisha, ukiambatisha barua ya Profesa inayosema makala inarekebishwa. Jibu lao lichukue kwa maandishi.